Elektroni zinavyovipa sauti viini vya atomi

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA anapolazwa ndani ya mashine ya MRI hospitalini, picha inayojitokeza kwenye kompyuta haipigwi kwa mwanga wala kwa eksirei. Hutokana na mawimbi hafifu mno ya redio yanayotolewa na viini vya atomi za haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili wake. Mawimbi hayo ni hafifu kiasi kwamba kama mwili wa binadamu usingekuwa na maji mengi, mashine isingeambulia kitu.

Udhaifu huo ndio uliokuwa kikwazo kikubwa cha fani nzima ya kuchunguza maada kwa sumaku, tangu Felix Bloch na Edward Purcell walipoonyesha nchini Marekani, katika miaka ya 1945 na 1946, kwamba viini vya atomi vinaweza kusikilizwa kwa redio. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952. Lakini swali lilibaki: je, kiini chenye sauti ndogo hivyo kinaweza kupewa sauti kubwa zaidi?

Jibu ni ndiyo, na aliyeitoa nguvu hiyo ni jirani yake wa karibu, elektroni. Makala haya yanaeleza namna elektroni zinavyotumika kuvigeuza viini vilivyomo ndani ya vitu yabisi vielekee upande mmoja, kwa nini elektroni mbili zilizounganishwa hufanya kazi hiyo vizuri kuliko moja, na manufaa yaliyokwisha kupatikana.

Kwa nini kiini hakisikiki

Viini vingi vya atomi vina tabia ya asili inayoitwa spini. Kwa sababu ya spini, kila kiini cha namna hiyo ni kama sumaku ndogo. Kiini cha haidrojeni, ambacho ni protoni moja tu, kikiwekwa katika uga wa sumaku kina nafasi mbili: kuelekea upande wa uga, au kuupa uga kisogo.

Mashine haisikii kila kiini peke yake. Kiini kinachoelekea huku na kingine kinachoelekea kule hufutana. Kinachosikika ni ile ziada tu, yaani idadi ya viini vya upande mmoja inayozidi ile ya upande wa pili. Kadiri ziada hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo spini zinavyosemwa kuwa zimepolarishwa zaidi.

Tatizo ni joto. Nguvu inayokivuta kiini kielekee upande wa uga ni ndogo mno ikilinganishwa na misukosuko ya joto la kawaida. Katika mashine ya MRI yenye uga wa tesla 1.5, unaotumika katika hospitali nyingi, ziada ni protoni tano hivi katika kila milioni moja. Chukulia mfano wa uwanja wa mpira wenye watazamaji 60,000 wanaoshangilia timu mbili. Kwa uwiano huo, upande mmoja ungeuzidi mwingine kwa chini ya mtu mmoja.

Hata katika sumaku za maabara zenye tesla 9.4, ziada hufika protoni 32 hivi tu kwa milioni. Vilivyobaki vyote hufutana na kukaa kimya.

Elektroni, jirani mwenye nguvu

Elektroni nayo ina spini, na usumaku wake ni mkubwa mara 658 kuliko wa protoni. Ukiilinganisha na kiini cha kaboni-13, ambacho ni muhimu sana kwa wanakemia na madaktari, tofauti hufika mara 2,600 hivi.

Maana yake ni kwamba katika mazingira yaleyale ambamo viini vinayumbishwa na joto, elektroni zinaweza kuwa zimekwisha kujipanga. Katika uga wa tesla 3.35 na baridi ya Kelvin 1.2, yaani takriban nyuzi 272 za Selsiasi chini ya sifuri, asilimia 95 ya spini za elektroni huwa zimepolarishwa. Protoni zilizo katika chombo hichohicho hazifiki hata asilimia moja. Huishia kwenye asilimia 0.3 hivi.

Hata hivyo, si kila elektroni hufaa. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbili mbili, moja ikielekea huku na mwenzake kule, na usumaku wao hufutana. Zinazotakiwa ni elektroni pweke, zisizo na mwenza. Hizo hupatikana katika metali, katika molekuli zinazoitwa radikali huru, na katika vitu vilivyopigwa mionzi. Mtafiti huchanganya kiasi kidogo cha radikali ndani ya kitu anachokichunguza, hugandisha mchanganyiko, kisha hurusha mawimbi ya maikrowevu ili nguvu ya elektroni ihamie kwenye viini.

Wazo lililopokewa kwa mashaka

Aliyependekeza jambo hili kwa mara ya kwanza alikuwa Albert Overhauser, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1953, akiwa mtafiti kijana katika Chuo Kikuu cha Illinois, alitumia hesabu kuonyesha kwamba ukizitikisa elektroni za metali kwa mawimbi yanayolingana nazo, viini vya metali hiyo vitapolarishwa maradufu kwa mamia.

Wazo hilo lilipokewa kwa mashaka makubwa. Baadhi ya wanafizikia mashuhuri wa wakati huo hawakuamini kwamba kuitikisa spini ya elektroni, jambo ambalo kwa kawaida huvuruga mpangilio, kungeweza kuleta mpangilio kwenye kiini. Kwao ilionekana ni sawa na kuchemsha sufuria moja ili maji ya sufuria ya jirani yagande.

Mashaka hayo hayakudumu. Katika mwaka huohuo wa 1953, Thomas Carver na Charles Slichter, nao wa Illinois, walifanya jaribio kwa metali ya lithiamu na kuona mawimbi ya viini yakiongezeka nguvu kama Overhauser alivyotabiri. Tangu wakati huo tukio hilo huitwa kwa jina lake. Overhauser alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1994 na kufariki dunia mwaka 2011.

Kutoka metali hadi yabisi nyingine

Kanuni ya Overhauser ilihitaji elektroni zinazotembea, kama zilivyo katika metali. Katika yabisi zisizopitisha umeme, elektroni pweke hukaa mahali pamoja, hivyo njia nyingine ilihitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Anatole Abragam nchini Ufaransa na Carson Jeffries wa Berkeley nchini Marekani ni miongoni mwa walioipata.

Njia yao ni hii. Kila spini ina masafa yake maalumu ambayo huitikia. Ukirusha maikrowevu kwa masafa ya elektroni pekee, ni elektroni tu itakayogeuka. Lakini ukipunguza masafa hayo kwa kiasi kinacholingana na masafa ya kiini, elektroni na kiini jirani hugeuka kwa pamoja. Ukiyaongeza kwa kiasi hichohicho, viini hupangwa kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo mtafiti huchagua upande anaoutaka kwa kurekebisha kitufe cha masafa tu.

Siri ya mafanikio ni tofauti ya mwendo. Elektroni ikishageuzwa hurudi katika hali yake haraka, na huwa tayari kugeuza kiini kingine. Kiini, kwa upande wake, hukaa kama kilivyowekwa kwa sekunde, dakika na, katika baridi kali, hata kwa saa nyingi. Hivyo elektroni moja inaweza kuhudumia idadi kubwa ya viini, kimoja baada ya kingine.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mgeuko wa pamoja wa elektroni na kiini ni wa nadra sana kwa asili yake, na nadra hiyo huzidi kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu. Uga ukiongezwa maradufu, ufanisi hupungua kufikia robo. Kwa wanakemia hilo lilikuwa pigo, kwa sababu wao huhitaji sumaku kubwa ili kutofautisha atomi moja na nyingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Ufumbuzi ulitokana na elektroni mbili. Wanasayansi wa Kisovieti walieleza kanuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watafiti wa Marekani wakaiendeleza katika muongo huohuo.

Chukulia elektroni mbili zilizo jirani, A na B, ambazo masafa yao yanatofautiana kidogo. Tofauti hiyo ikilingana na masafa ya kiini kilicho karibu, elektroni hizo zinaweza kubadilishana nafasi, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na nishati ndogo inayobaki ni ileile hasa inayohitajika kukigeuza kiini. Hesabu inakamilika bila deni. Maikrowevu hufanya kazi moja tu: kuitikisa A mfululizo ili mabadilishano yaelekee upande mmoja na yasirudi nyuma.

Kwa kuwa hakuna mgeuko wa nadra unaohitajika, njia hii ni yenye nguvu zaidi. Inapungua pia uga unapoongezeka, lakini polepole kuliko ile ya elektroni moja.

Ugumu uko katika kuzikutanisha A na B. Katika sumaku ya tesla 9.4, elektroni huitikia kwenye gigahezi 263 hivi na protoni kwenye megahezi 400. Kwa hiyo elektroni mbili zinatakiwa zitofautiane kwa chini ya sehemu mbili katika elfu moja, na wakati huohuo ziwe karibu vya kutosha kuathiriana. Radikali zikimwagwa ovyo ndani ya mchanganyiko, umbali kati yao huwa wa kubahatisha. Mtafiti akiongeza radikali ili zikaribiane, elektroni zinakuwa nyingi mno na kuziba sauti ya viini alivyokusudia kuvisikiliza.

Mwaka 2004 kundi la Robert Griffin na mwanakemia Timothy Swager, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, lilitoa jibu jepesi la kikemia: zifungwe pamoja. Waliunganisha radikali mbili kwa mnyororo mfupi wa atomi, ikawa molekuli moja yenye elektroni mbili pweke zilizo katika umbali maalumu. Masafa ya radikali za aina hiyo hutegemea namna molekuli ilivyolala ndani ya uga, hivyo mbili zilizoinamia pande tofauti hupata ile tofauti inayotakiwa.

Matokeo yalikuwa ongezeko la takriban mara 175, karibu mara nne ya lile lililopatikana kwa radikali zilizo mojamoja. Mwaka 2006 ikafuata molekuli iliyopewa jina la TOTAPOL, iliyofaa kuyeyushwa katika mchanganyiko wa maji na gliserini na hivyo kufaa kwa sampuli za kibaiolojia. Mwaka 2013 watafiti wa Marseille, Ufaransa, wakatoa nyingine iliyo bora zaidi, AMUPol.

Mashine nayo ilipaswa kwenda sambamba. Maikrowevu zenye masafa ya juu kiasi hicho na nguvu ya kutosha hazikuwa rahisi kupatikana. Griffin na mwenzake Richard Temkin walitumia jairotroni, kifaa chenye asili yake katika utafiti wa Kisovieti, kilichozoeleka katika kupasha moto gesi za majaribio ya nishati ya nyuklia. Majaribio yao kwa gigahezi 140 yalichapishwa mwaka 1993 na kuifufua fani iliyokuwa imedhaniwa kuwa imefika mwisho.

Haba na haba

Elektroni haiwezi kugusa kila kiini kilichomo katika sampuli. Huvigeuza vile vya karibu, kisha vyenyewe hupokezana. Protoni iliyopolarishwa hubadilishana nafasi na jirani yake, jirani na wa pili yake, hadi mpangilio unasambaa mbali na radikali. Viini vilivyogusana kabisa na elektroni havifaidiki sana katika biashara hiyo, kwani uga wa elektroni huvisogeza masafa hadi vishindwe kuelewana na vingine.

Kwa sababu hiyo kiasi cha radikali ni jambo la kupimwa kwa uangalifu. Zikiwa chache mno, mpangilio huchelewa kusambaa. Zikizidi, huharibu.

Faida yenyewe hupimwa zaidi kwa muda. Katika vipimo hivi, kelele za mashine hupunguzwa kwa kurudia kipimo mara nyingi, na ili kupata ubora maradufu ni lazima kurudia mara nne. Hivyo sauti ikiongezeka mara 100, muda hupungua mara 10,000. Kipimo ambacho kingehitaji siku 100 mfululizo kinaweza kumalizika katika muda usiofika dakika 15.

Protini, vichocheo na moyo wa protoni

Manufaa ya kwanza yalikwenda kwa wanafizikia wa chembe ndogo. Mwaka 1962 kundi la Abragam katika kituo cha Saclay, karibu na Paris, lilifanya jaribio la kurusha chembe kwenye shabaha ya protoni zilizopolarishwa. Shabaha za aina hiyo zilipelekwa baadaye CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako mwaka 1988 yalitangazwa matokeo yaliyowashangaza wengi: spini za kwaki, chembe zinazoijenga protoni, huchangia sehemu ndogo tu ya spini ya protoni nzima. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba mchango huo ni takriban theluthi moja. Bila elektroni kuzipanga protoni za shabaha, swali hilo lisingeweza hata kuulizwa maabara.

Wanabaiolojia nao wamenufaika. Protini za utando wa seli na zile zinazojikusanya kama nyuzi hazikubali kirahisi kugeuzwa fuwele, na mara nyingi hupatikana kwa kiasi kidogo. Sampuli hugandishwa kwa naitrojeni baridi hadi kwenye Kelvin 100 hivi, sawa na nyuzi 173 chini ya sifuri, na kuzungushwa kwa kasi ikiwa imeinamishwa kwa pembe ya digrii 54.7 ili mistari ya vipimo iwe myembamba. Kwa njia hiyo zimeonekana hatua za mpito za protini ambazo kabla yake zilikuwa hazisikiki.

Katika kemia, watafiti wa Lyon, Ufaransa, walionyesha mwaka 2010 kwamba inawezekana kuangaza uso wa yabisi pekee kwa kuulowesha kwa myeyusho wa radikali. Hilo ni muhimu kwa vichocheo vya viwandani, kwani kazi yao hufanyika usoni, penye sehemu ndogo sana ya atomi zote.

Kutoka barafu hadi mshipani

Pengine matumizi yanayomgusa msomaji kwa karibu zaidi ni yale ya saratani. Mwaka 2003 kundi lililofanya kazi Malmö, Sweden, likiwa na Jan Henrik Ardenkjær-Larsen na Klaes Golman, lilieleza namna ya kuchukua yabisi iliyopolarishwa na kuifanya kimiminika kabla mpangilio haujapotea. Sampuli hupolarishwa katika baridi ya zaidi kidogo ya Kelvin moja, kisha humwagiwa maji ya moto na kuyeyuka kwa sekunde chache. Walipata ongezeko la zaidi ya mara 10,000.

Hapa hakuna mnyororo wa kikemia unaofunga elektroni mbili. Radikali inayotumika ina elektroni moja, na elektroni za molekuli mbalimbali huathiriana zenyewe katika mchanganyiko huo uliogandishwa.

Dutu inayotumika zaidi ni pairuveti, ambayo mwili huitengeneza kutokana na sukari, ikiwa imewekewa kaboni-13. Chembe nyingi za saratani huigeuza pairuveti kuwa lakteti kwa wingi kuliko chembe za kawaida, tabia inayohusiana na yale aliyoyagundua Mjerumani Otto Warburg katika miaka ya 1920. Kwa kuwa pairuveti na lakteti husikika kwa masafa tofauti, daktari anaweza kuona si umbo la uvimbe tu, bali kile unachokifanya.

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalifanyika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Radikali huchujwa kabla ya dawa kuingizwa mshipani. Lakini muda ni mfupi: mpangilio wa kaboni hupungua kwa kiasi kikubwa kila baada ya dakika moja hivi. Mashine ya kupolarisha lazima iwe jirani na chumba cha mgonjwa, na wahudumu wasipokwenda mbio, dawa hubaki kama maji yasiyo na sauti.

Elektroni mbili ndani ya nukta

Udhibiti wa hali ya juu zaidi umeonekana katika vipande vya semikondakta. Katika arsenidi ya galiamu, wahandisi huweza kufungia elektroni mbili katika visima viwili vidogo vinavyopakana. Elektroni hizo hukusudiwa kuhifadhi taarifa za kompyuta za kikwanta, lakini huzungukwa na viini vinavyokadiriwa kufika milioni moja, ambavyo misukosuko yao huzivuruga.

Badala ya kuvikimbia viini hivyo, kundi la Amir Yacoby wa Chuo Kikuu cha Harvard lilivitumia. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, elektroni hizo mbili zilipitishwa tena na tena katika hali ambayo jozi yao inaposhikana na kuachana hukabidhi sehemu ya spini yake kwa viini. Kwa kurudia mzunguko huo, watafiti walijenga tofauti ya uga kati ya visima viwili na kuitumia kuziongoza elektroni zilezile. Kilichokuwa kero kikageuzwa kuwa usukani.

Gharama na kilichobaki

Pamoja na mafanikio hayo, teknolojia hii bado ni ya gharama kubwa. Jairotroni na sumaku zake si vifaa vya kila maabara. Baridi ya karibu na sifuri halisi huhitaji heliamu ya kimiminika, gesi ambayo upatikanaji wake duniani umekuwa wa wasiwasi na ambayo pia hupoza sumaku za MRI. Ndiyo maana tangazo la mwaka 2016 la watafiti wa Vyuo Vikuu vya Oxford na Durham, kwamba kuna hazina kubwa ya heliamu katika eneo la Rukwa nchini Tanzania, lilifuatiliwa kwa karibu na watumiaji wa mashine hizo.

Watafiti wanaelekeza nguvu katika mambo matatu: kutengeneza molekuli za elektroni mbili zinazofaa katika sumaku kubwa zaidi, kutumia mapigo mafupi ya maikrowevu badala ya mawimbi ya mfululizo, na kupata mpangilio bila baridi kali, mathalani kwa kutumia mwanga na kasoro zilizomo ndani ya almasi.

Katika yote hayo kanuni ni ileile iliyotiliwa shaka mwaka 1953. Kiini peke yake hakina nguvu ya kushindana na joto. Kikipata elektroni jirani, na hasa elektroni mbili zilizopangwa kwa umbali na masafa yanayofaa, husikika. Kwa mgonjwa anayesubiri kujua kama tiba yake inaidhoofisha saratani, uwezo wa kuisikia sauti hiyo ndani ya dakika moja ndio utakaoamua kama dawa aliyopewa iendelee au ibadilishwe.